Malenga na Malenga

Mwalimu Kapufi aliandika ubaoni: kognati.
Chaki ikakatika kwenye herufi ya mwisho.
"La Kilatini," akasema, "waliozaliwa pamoja."
Akapangusa vidole kwenye suruali
akarukia jambo jingine, saa ikaisha.

Mimi nikabaki nalo
kama punje ya uwele iliyonasa kwenye jino.

Waliozaliwa pamoja!
Kumbe wataalamu wa lugha, walipokosa jina
la maneno yenye damu moja,
walikwenda kuliazima wodi ya wazazi.

Jumamosi nikaenda Mvumi kumjulia hali mama mkwe.
Mimi mtu wa Lindi; Kigogo changu
huanzia kwenye mbukwenyi na kuishia hapo hapo.
Jua lilikuwa limekaa juu ya bati kama mdai.
Bi Nyemo, ungo wa mtama mapajani,
akaniambia bila kuinua macho:
"Hebu malenga, mwanangu."

Nikacheka. Kwetu malenga ni mtu,
anatunga, anapanga vina, anataka kusifiwa,
haagizwi kwa kata.
Akaelekeza kidevu kwenye mtungi.

Maji.
Alikuwa anaomba maji.

Nikachota. Akanywa malenga wangu wote kwa pumzi moja,
tone likamwangukia kwenye khanga,
akarudi kupepeta.

Usiku, kwa mwanga wa simu, nikaandika:
malenga na malenga, sura ile ile, undugu hakuna.
Ni wajina tu, wamekutana stesheni,
wakaitikia wote wawili jina lilipoitwa.

Lakini mtu, na munhu wa Bi Nyemo,
na muntu wa yule Mrangi auzaye asali ya Kondoa,
hao ukiwasimamisha pamoja utasema hawajuani.
Mmoja ameitupa nuni yake njiani,
mmoja anapumulia puani,
mmoja ameshika kila alichorithi, hataki kugawa.
Mzazi wao hakuna aliyemsikia.
Vitabuni humwekea kinyota kando ya jina,
yaani: hatukumkuta,
tunamjua kwa watoto.

(Na Dodoma? Wanasimulia tembo aliyezama topeni,
idodomya, wakasema waliomwona.
Nami nasikia didimia humo ndani.
Ndugu, au wajina? Niliuliza darasani.
"Usikimbilie," alisema Kapufi. "Sikio linapenda kuoza binti
kabla ya kuuliza ukoo.")

Hapo kwenye kinyota ndipo usingizi uliponiruka.

Maana tulipomzika baba, mwaka wa mvua nyingi,
alikuja mwanamume kutoka Kongwa,
kiatu kimejaa tope la Lindi,
akasema anaitwa Ndahani,
na kwamba baba, enzi za kuendesha lori la ng'ombe wa ranchi,
alikuwa akilala kwa mama yake.

Kaka Mfaume akamtazama juu mpaka chini.
Mrefu, sisi wafupi.
Pua nyingine, weusi mwingine, lafudhi nyingine.
"Hufanani na mtu hapa," akamwambia.
Ndahani hakuleta cheti. Hakubishana.
Akashika beleshi, akatupia udongo wake,
vumbi la chokaa likampanda puani
akapiga chafya:
tatu, za kufuatana, halafu "Ah, dunia!"

Uwanja mzima wa makaburi ukanyamaza.
Ile ilikuwa chafya ya baba, na neno la baba.
Mama akajifunika uso.
Mimi niliisikia vizuri kuliko wote
na sikusema kitu.

Miaka sita.

Asubuhi Bi Nyemo alinikuta uani, simu mkononi.
Namba ile niliiandika siku ya mazishi
nyuma ya risiti ya sanda.
Ikaita, ikaita, nikataka kukata.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Nikafungua mdomo.
La Kilatini nilikuwa nalo.
La Kiswahili lilinichukua muda.